Umeondoa Busta? Usikimbilie Vali ya Breki za Nyuma

Wateja wengi walioondoa busta ya breki hutujia na ombi moja: tuwafungie vali ya kupunguza presha ya nyuma, kwa sababu gari linarusha mkia wakikanyaga ghafla. Kabla ya kufunga chochote, sisi huuliza: ni nini kingine kilibadilishwa?

Busta huongeza nguvu ya mguu kabla haijafika kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Ukiiondoa, pedali inakuwa nzito, lakini mgawo wa presha kati ya mbele na nyuma unabaki vilevile. Unaouharibu ni ufundi unaofuata. Fundi ametupa vali ya kiwandani kwa kuwa mabomba hayakukutana, au ametoa drami za nyuma akaweka diski. Wengine huweka pedi kali mbele peke yake ili pedali iwe nyepesi. Hapo breki za nyuma hazifanyi kazi ya maana, na gari linachelewa kusimama.

Uzito wa pedali hutibiwa kwenye pedali na masta silinda. Pedali ya gari lenye busta huzidisha nguvu ya mguu takriban mara 4. Bila busta inafaa ifike kama mara 6. Ukishusha kipenyo cha masta silinda kutoka milimita 25.4 hadi 22.2, presha hupanda karibu asilimia 30 kwa mkanyago uleule, ila pedali nayo itazama zaidi kwa kiasi hicho. Ndiyo maana lazima hewa yote itolewe kwenye mabomba ya breki na drami zirekebishwe vizuri kwanza.

Vali inakuja mwisho. Kumbuka inapunguza presha ya nyuma tu, haiongezi.

Tunaijaribu mahali pa wazi pasipo na watu, kwa mwendo mdogo kwanza, na kipimo cha mwisho tunakichukua kwenye lami kavu. Hili tunalisisitiza sana. Kwenye maji gari halisimami kwa nguvu, hivyo uzito mwingi unabaki nyuma na matairi ya nyuma yanaonekana kutulia. Siku ya jua uzito unakimbilia mbele, ya nyuma yanafunga (yanaacha kuzunguka na kuteleza), gari linageuka mkia mbele. Tunataka ya mbele yafunge kwanza: gari litanyooka, na ukilegeza mguu usukani unarudi.

Ukilileta, lije na matairi utakayotumia kila siku. Gari lenye ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasifunge) hatuliondolei busta.