Anayejua Kiswahili ni kijana, wenye uzoefu hawakijui

Ndugu Mshauri,

Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga tunaoishi Houston, Texas. Baada ya mivutano mirefu kuhusu fedha anazotuma nyumbani, tumekubaliana kumwona mtaalamu wa ndoa na familia mwenye leseni. Ugomvi wa karibuni ulizuka nilipokuta risiti ya mabati ya nyumba ya mdogo wake, ilhali kodi yetu ya pango ilikuwa haijalipwa. Yeye ni kifungua mimba, na kwake kumjengea mdogo wake ni wajibu usiojadiliwa.

Bodi ya jimbo ina tovuti ambapo mtu huandika jina la mtaalamu akaona iwapo leseni yake ingali hai na kama amewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu. Mama mmoja Mkenya aliyesifiwa sana ana leseni ya jimbo jingine tu, naye alinieleza kwa uungwana kwamba hata kwa video haruhusiwi kutuhudumia, kwa kuwa kinachotazamwa ni mahali alipo mteja. Mzee wa jumuiya yetu anayejiita mshauri wa ndoa hayumo kabisa katika orodha, na, kusema kweli, yanayozungumzwa sebuleni kwake huwahi kufika harusini kabla ya wenyewe.

Wenye leseni kamili niliowapata hapa hawajui Kiswahili. Mume wangu hukimudu Kiingereza cha kazini, lakini akiona haya hunyamaza. Tungeweza kutumia mkalimani wa simu aliye mbali, ila nahofia kwamba mtaalamu asiyejua uzito wa kifungua mimba atamwambia awawekee nduguze mipaka, naye hatarudi tena.

Yupo kijana Mrundi anayekisema Kiswahili vizuri. Leseni yake ni ya ngazi ya kuanzia, hivyo anafanya kazi chini ya msimamizi hadi atimize saa 3,000 za mazoezi, na ada yake ni nafuu, jambo kubwa kwetu kwa sababu bima yetu hailipii ushauri wa wanandoa. Mume wangu anasema hawezi kumweleza mambo ya chumbani mtu wa umri wa mwanawe.

Je, nimshawishi mume wangu amkubali kijana huyu, labda kwa kuomba msimamizi wake ahudhurie kikao cha kwanza, au twende kwa mwenye uzoefu pamoja na mkalimani? Na ikiwa ni mkalimani, tumwulize nini mtaalamu kabla ya kulipa, ili tujue kama amewahi kuhudumia familia zinazotegemewa na ukoo mzima?

Msomaji wako,
Houston