Hazina si dhahabu peke yake, hata shanga ni hazina

Mhariri,

Kila nikisoma stori ya hazina iliyochimbuliwa huwa ni dhahabu tu, leo ya Farao Tutankhamun wa Misri kesho ya mfalme fulani wa Ulaya, mpaka watoto wetu wanadhani chini ya udongo wa Kenya hakuna kitu. Mimi natunga shanga hapa Kariokor, ndio kazi inalipa nyumba, kwa hivyo naomba niongee kidogo.

Kuna mahali panaitwa Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kama miaka 5,000 iliyopita, hata piramidi kubwa ya Giza haijajengwa, wafugaji wa huko walichimba shimo kubwa wakawa wanazika watu wao humo kwa karne kadhaa, watafiti wanakadiria si chini ya watu 580, halafu wakafunika na mawe na kusimamisha nguzo. Matokeo ya utafiti huo yalitoka 2018. Sasa hapa ndio panapotuhusu sisi wa shanga. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake, awe mzee, mama ama mtoto mchanga. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, pete na bangili za meno ya kiboko, na mmoja alikuwa na pambo la kichwa la meno ya panya wa jangwani zaidi ya 400. Panya ana meno manne marefu ya mbele, si basi hao ni panya zaidi ya mia, nani aliwashika wote hao, na nani alikaa chini akayapanga moja moja? Mimi nikipewa oda ya mkufu wa shanga 400 za plastiki, zimeshatobolewa tayari, bado mgongo unauma.

Na watafiti hawakuona kaburi la mkubwa. Hakuna aliyelundikiwa mali huku wengine wakienda mikono mitupu. Wakati huo ziwa lilikuwa linakauka, mvua imepungua, maisha magumu, na bado wakaamua kila mmoja aende amevaa vizuri. Hapa Nairobi unajua tajiri kwa jeneza lake kabla hata hujasikia jina.

Na si Turkana peke yake. Njoro, 1938, wanaakiolojia akina Leakey walichimba pango wakapata mabaki ya maiti za kale zilizochomwa pamoja na shanga zao za mawe. Karibu na Naivasha kuna shanga za mbuni za kama miaka 40,000.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka jana jamaa mmoja alikuja kwa kibanda changu na shanga kuukuu kwa kitambaa, ati aliziokota kaskazini baada ya mvua kubwa, anauliza nampa ngapi. Nikamuuliza zilikuwa shingoni ama kiunoni, za mtoto ama mtu mzima, akacheka akaniuliza kwani mimi nanunua mifupa? Lakini hiyo ndiyo ilikuwa bei yenyewe. Shanga ikishatoka kaburini bila mtu kuandika ilikuwa wapi, inabaki ushanga tu kama huu wangu, haiwezi tena kukuambia kama mtoto alipewa sawa na babu yake. Sikununua, ingawa nitasema ukweli nilizishika muda mrefu, na sikuripoti popote, na hilo linanisumbua kwa sababu kuna sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya 2006 inayosema vitu vya kale vikipatikana viripotiwe. Wangapi sokoni wanaijua? Mimi mwenyewe niliisikia baadaye.

Ombi langu ni dogo, muandike hiyo stori ya Lothagam siku moja, nusu ukurasa tu, na picha ya lile pambo la meno ikipatikana. Msichana wangu wa Gredi 7 amekataa kabisa kuniamini hayo mambo ya panya.

Mtunga shanga,
Kariokor, Nairobi