"Hide" ya kuficha, "hide" ya ngozi na "hide" ya ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongezee jibu mlilompa msomaji aliyeuliza kwa nini Waingereza hutumia neno moja, "hide", kwa kuficha na pia kwa ngozi ya ng'ombe. Mlimjibu kwamba ngozi huficha nyama, mkaishia hapo. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, ila limeruka mambo ambayo wanafunzi, wafasiri na hata wafanyabiashara wa minadani huku kwetu huyahitaji. Tena ipo "hide" ya tatu ambayo hamkuigusa kabisa.

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, kuficha kuliitwa "hydan" na ngozi iliitwa "hyd", irabu ikiwa ndefu katika yote mawili. Yalikuwa maneno mawili kamili, kitenzi na nomino, yakiishi pamoja. Si kwamba mtu alichukua ngozi akaunda kitenzi, wala hakuchukua kitenzi akaita ngozi. Wanaisimu huyarudisha yote kwenye mzizi wa zamani zaidi wenye maana ya kufunika, ndiyo maana nasema ni mabinamu na si mzazi na mtoto. Mzizi huo umezaa pia "Haut" ya Kijerumani na "cutis" ya Kilatini, zote zikimaanisha ngozi. Muuguzi wa Bugando anayesoma "subcutaneous" kwenye maelekezo ya insulini anasoma neno hilohilo: sindano ya chini ya ngozi. Upande wa kuficha, Wagiriki wa kale walikuwa na "keuthein".

"Hide" ya tatu ni kipimo cha ardhi, na haihusiani na kuficha wala ngozi. Zamani iliandikwa "hid" au "higid", na imetoka kwenye neno lenye maana ya kaya. Ilikuwa ardhi ya kutosha kulisha familia moja. Mtawa Bede, aliyefariki mwaka 735, aliandika kwa Kilatini "ardhi ya familia moja" mahali ambapo wafasiri wake baadaye waliandika "hid". Kwa desturi huhesabiwa kuwa ekari 120, karibu hekta 49, lakini haikuwa kamba ya kupimia. Shamba lenye rutuba lingeweza kuwa dogo zaidi na bado likahesabiwa "hide" moja, kwa sababu kilichotafutwa ni uwezo wa kulipa kodi. Ndivyo lilivyotumika kwenye daftari kubwa la ardhi la Uingereza la mwaka 1086, lililoagizwa na Mfalme William. Mwanafunzi wa historia anayekuta kijiji cha "five hides" humo asidhani ni ngozi tano.

Kuna watu wamewahi kuunganisha kipimo hicho na hadithi ya Malkia Dido wa Carthage, kule Tunisia ya leo. Inasemwa aliomba ardhi inayoweza kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe, kisha akaikata ngozi kuwa ugwe mwembamba na kuzungushia kilima kizima. Hadithi ni tamu, lakini haielezi neno la Kiingereza, kwa sababu kipimo kilianzia kwenye kaya. Vivyo hivyo "hideous", yaani ya kuchukiza au kutisha kwa sura, lisifungwe kwenye kundi hili. Liliingia kutoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya hofu. Kufanana kwa herufi kusitupoteze.

Sasa nije darasani, maana huku ndiko wengi wanakoteleza. Kitenzi ni "hide, hid, hidden". Kwa nini irabu inabadilika? Zamani wakati uliopita ulikuwa "hydde", na irabu ndefu ilifupishwa mbele ya konsonanti mbili. Kisha, kati ya karne ya 15 na ya 17, irabu ndefu za Kiingereza zilihama matamshi: ile ndefu ya "hide" ikawa "ai", na ile fupi ya "hid" ikabaki "i". Ufupisho huohuo ndio uliotupa "feed" na "fed", "meet" na "met". Mwanafunzi akielewa hilo hataandika "hided". "Hidden" ilikuja baadaye kwa kuiga "ridden" na "bitten". Kabla yake "hid" ilitosha kwa kazi zote mbili, ya wakati uliopita ("he hid") na ya kufuata "has" au "be", na ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Mathayo 5:14, inasema mji ulio juu ya mlima "cannot be hid". Leo mtihani unataka "hidden".

Kosa kubwa zaidi linatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Kitenzi ficha hupokea mtu moja kwa moja: "alinificha habari za ugonjwa wake". Kiingereza hakikubali. Ukiandika "he hid me" umesema alikupa maficho, akakukinga usionekane. Kilichotakiwa ni "he hid his illness from me". Na "alinifichia pesa" ni "he hid the money for me". Tofauti ya "from" na "for" inaonekana ndogo, lakini fikiria ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza: shahidi anasema mshtakiwa alimficha jambo, mfasiri anaandika kwamba mshtakiwa alimficha yeye. Hapo mtu amegeuzwa kutoka mdanganyifu kuwa mwokozi kwa sababu ya kihusishi kimoja kilichoachwa. Nawaambia wafasiri vijana wajiulize kila mara: kilichofichwa ni nini, na anayezuiwa kukiona ni nani? Wa pili ndiye anayefuata "from".

Kujificha nako kuna mtego. Kiingereza hakihitaji "himself" hapa. "Alijificha nyuma ya mawe" ni "he hid behind the rocks", basi. Kuongeza "himself" si kosa, ila kunatia uzito ambao msemaji hakuukusudia. Na "amejificha" ni "he is hiding", kwa sababu -me- hapo inaonyesha hali aliyomo. Ukisema "he has hidden", msikilizaji atangoja umalizie: ameficha nini?

Kiswahili kinatofautisha kilichofichwa na mtu na kilichofichama chenyewe. Mwamba ulio chini ya maji katika Ghuba ya Mwanza umefichama, hakuna aliyeuficha, na nahodha anaujua tu kwa chati au kwa mazoea. Kiingereza huita vyote viwili "hidden". Anayefasiri kuja Kiswahili lazima achague, na akichagua "mwamba uliofichwa" anamfanya msomaji atafute mkosaji. Kwa upande mwingine sisi tuna fichua, kinyume cha ficha kilichoundwa kwa kubadili mwisho tu. Kiingereza hulazimika kwenda kwenye "reveal", "expose" au "uncover". "Unhide" utaikuta hasa kwenye kompyuta: makarani wanaopokea jedwali na kuona safu B kisha D wachague safu hizo mbili, wabofye kitufe cha kulia cha kipanya, kisha wachague "Unhide", na C itarudi.

Msichukue "hide" kufasiri sitiri. Sitiri, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ina heshima ndani yake: kumsitiri mtu ni kumlinda na aibu. "To hide someone" haina huruma hiyo, na katika habari za msiba inaweza kusomeka kana kwamba familia ilifanya uhalifu.

Misemo michache ya Kiingereza nayo huleta shida kwa sababu watu huiweka upande wa kuficha wakati ni ya ngozi. "Neither hide nor hair" haina maficho ndani yake. Ni ngozi wala unywele, yaani mtu hajaonekana kabisa. "A good hiding" ni kipigo, kwa kuwa fimbo hutua kwenye ngozi. "Hidebound", ambayo leo huambiwa mtu asiyekubali mawazo mapya, ilianza katika karne ya 16 kwa ng'ombe aliyekonda hadi ngozi ikashikamana na mbavu. Mfugaji wa Kwimba aliyepitia kiangazi kibaya anaielewa bila kamusi. Lakini "hide" ya watazamaji wa ndege, ile wageni Waingereza huwauliza waongoza watalii wa Rubondo, ni ya kuficha kweli: kibanda chenye tundu la kuchungulia furukombe bila kumshtua. Wamarekani hukiita "blind", na hapo wa kwetu wengine hudhani wanazungumzia vipofu.

Nimalizie na minada, kwa sababu gazeti lenu hufasiri taarifa za biashara ya ngozi na Kanda ya Ziwa ina ng'ombe wengi. Katika biashara hiyo "hides and skins" si maneno mawili ya kitu kimoja. "Hide" ni ngozi ya mnyama mkubwa: ng'ombe, farasi, ngamia. "Skin" ni ya mbuzi, kondoo na ndama. Ngozi ya mnyama aliye kati ya ndama na ng'ombe mzima wapo wanaoiita "kip". Sisi tunayo gozi, ngozi kubwa, ambalo watangazaji wa mpira wamelichukua uwanjani. Sioni kwa nini lisirudi pia machinjioni, kwa kazi yake ya asili.

"Green hide" si ngozi ya kijani. Ni ngozi mbichi iliyotoka kuchunwa, haijatiwa chumvi wala kuanikwa. "Rawhide" ni isiyosindikwa kiwandani, hata kama imekauka kabisa. "Wet blue" ni iliyokwisha kupita kwenye chumvi za kromu, bado ina unyevu, na rangi yake ya samawati imetokana na kromu hiyo. Nimeona zote tatu zikiandikwa "ngozi ghafi". Hilo ni kosa la thamani, si la lugha tu, maana "wet blue" tayari imetoka kiwandani.

Hali ya ngozi hubadili pia uzito. Zaidi ya nusu ya uzito wa ngozi mbichi ni maji. Ikitiwa chumvi, kwa kawaida kilo moja kwa kila kilo mbili au tatu za ngozi, ikiwa imetandazwa upande wa nyama ukitazama juu, sehemu ya maji hayo hutoka. Ikiwambwa kwenye fremu kivulini na kukaushwa, hupungua zaidi. Chumvi ikicheleweshwa kwa saa nyingi baada ya kuchinja, bakteria huanza kazi, manyoya hung'oka kwa mafungu na ngozi hushuka daraja. Ikianikwa chini kwenye jua kali, uso hukauka upesi na kufungia unyevu ndani, na uozo hauonekani mpaka ngozi iingie kwenye maji ya kiwandani.

Kwa hiyo mnapochapisha bei, naomba kila mstari uwe na vitu vitatu: mnyama, hali ya ngozi, na kipimo. Andikeni "ngozi ya ng'ombe, ya chumvi, kwa kilo" au "ngozi ya mbuzi, kavu ya kuwambwa, kwa kipande". Bei ya kilo ya ngozi mbichi na ya kilo ya kavu zisiwekwe safu moja, kwa sababu muuzaji wa kavu ameshatoa maji ambayo muuzaji wa mbichi bado anayapima kwenye mizani.

Mwalimu wa Kiingereza na mfasiri,
Nyegezi, Mwanza