Neno moja la kwenda nalo: salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Tabora

Shikamooni wakubwa wangu wote. Wadogo, hamjambo? Na kwa wale wa nyumbani kabisa, mwangaluka. Salamu hizi ni zenu ninyi wajomba, shangazi, wifi na mashemeji mliotawanyika Mwanza, Mpanda, Kigoma na Dar es Salaam, na ninyi wanakikoba wenzangu tunaoweka akiba pamoja, ambao tumeachana juzi tu kwenye mgao wa mwisho wa mwaka. Heri ya Krismasi, na Mwenyezi Mungu atuvushe mwaka salama. Wa upande wa pili wa ukoo, mnaosubiri Idi yenu, sahani zenu zitakuja kama kawaida. Mjomba asianze kupiga simu kuuliza.

Tabora ni njema. Mvua zimeshika, mahindi ya waliowahi kupanda yamefika magotini, na maembe yamejaa mpaka watoto wameanza kuchagua. Uyoga wa porini unaletwa asubuhi kwenye ndoo, na ukichelewa kutoka unakuta umeshaisha. Stesheni haina pa kukanyaga, kwa sababu treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda zote zinapita huku kwetu, na kila anayerudi nyumbani anashuka na begi, ndoo na mtoto mgongoni. Mimi nimekesha kwenye cherehani wiki nzima. Nguo za sikukuu hazina subira.

Jambo nililotaka kuzungumza nanyi lilitokea kwenye mgao. Hesabu zilikuwa zimeshasomwa, kila mtu amehesabiwa hisa zake, sanduku limefungwa kufuli zake tatu. Hapo ndipo kila mwaka huwa tunaanza kutaja mipango: huyu kiwanja, yule ada, mwingine mtaji wa mchele. Safari hii mwenyekiti wetu akasema mipango tuiache. Kila mmoja ataje neno moja atakalokwenda nalo mwaka mzima. Moja tu, na aeleze kwa nini.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, maana orodha mtu anaitaja bila kufikiri. Mama anayeuza michembe ya viazi vitamu na karanga ndiye aliyeanza. Akasema, "Langu ni Hapana." Watu wakacheka, ila yeye alikuwa hatanii. Akaeleza jinsi mtaji wake unavyokwisha kila mwezi kwa mikopo ya ndugu ambayo hairudi, na kwamba anaogopa kukataa kuliko anavyoogopa kulala njaa. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Dada mmoja akataja Nipo, kwa niaba ya mumewe anayefanya kazi mbali. Alituambia walilichagua pamoja kwenye simu, ili mwaka huu baba ajulikane kwa wanawe kwa sauti yake, muamala wa mwisho wa mwezi uwe nyongeza. Kijana wa bodaboda aliyemleta mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Akaulizwa naye. Akajibu Taratibu, akainamisha macho. Wote tunajua alimzika rafiki yake mwaka huu.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Kuna wanaoona kuchagua neno la mwaka ni mambo ya kuiga kutoka kwenye simu, na mimi nasema hapana, tumekuwa nayo siku zote. Nani kati yetu mama zake walinunua kanga kwa pindo na mji peke yake? Waliisoma jina kwanza. Kanga nzuri yenye jina lisilowahusu waliirudisha dukani. Na watoto wetu tunawaita Subira, Tumaini, Shida, Furaha, tukijua kabisa kwamba mtu ataitwa hivyo mara elfu kabla hajafika utu uzima. Tunajua neno linalorudiwa lina kazi yake ndani ya mtu.

Tena neno linafika mahali ambapo mpango haufiki. Mpango unasema Juni nitakuwa nimeweka bati. Hausemi nifanye nini siku ya Jumanne jirani akija na fitina, au mteja akija na fedha mkononi wakati meza imejaa. Siku za namna hiyo ndizo nyingi, na ndizo zinazoamua kama bati litafika.

Mwaka huu unaoisha nilikwenda na neno Maliza. Niliandika kwa chaki ya kushonea kwenye mbao ya cherehani, pembeni ya mkono wa kulia, mahali ninapoweka futi. Chaki inafutika kwa kiwiko na vitambaa, kwa hiyo ilibidi niliandike upya kila mara, na nadhani kulirudia kule kulinisaidia kuliko kama ningelichora kwa rangi. Mwezi wa tano akaja mama mmoja na doti za vitenge vya sare ya harusi, familia nzima, na malipo ya awali taslimu. Juu ya meza kulikuwa na sare za shule nilizoahidi Ijumaa, mashati yamekatwa lakini kola bado. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kupokea zile fedha. Nikalisoma neno. Nikamwambia, "Mama, nitakupokea nikimaliza hizi, Jumamosi." Hakungoja, akaenda kwa fundi mwingine. Iliniuma, sitaficha. Lakini Ijumaa mashati yalitoka, na mzazi aliyeziagiza ameniletea wazazi wengine mpaka leo. Na msingi wa nyumba yangu kule Ipuli, uliokuwa umeota majani, umesimama mpaka lenta. Ndani yake hakuna fedha mpya ya ajabu. Niliacha tu kuanzisha vitu vingine.

Kwa hiyo mkiniuliza neno la kuchagua likoje, naona lazima liweze kukunyima kitu. Baraka, Mafanikio, Neema ni maneno mazuri, tuombeane usiku na mchana, ila hayawezi kusimama mbele ya mkono wako na kuuzuia. Lijaribuni kwa jambo lililoko mezani wiki hii hii. Kama neno halina la kusema juu ya hilo, tafuteni jingine. Na liwe lenu, msilichukue kwa sababu linapendeza kwenye status.

Wakati nawaza haya nikaukumbuka mji wetu wenyewe. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania Uhuru, ulikaa hapa Tabora, na hoja ilikuwa nzito: je, chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, tena kwa masharti ya kipato, elimu au cheo yaliyowaacha nje watu wengi wa kawaida? Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, ambaye mji huu aliujua tangu akiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu, aliwashawishi waingie. Wengine hawakukubali na wakajitenga. Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na tarehe 9 Desemba 1961 tukapata Uhuru. Uamuzi ule tunauita mpaka leo Uamuzi wa Busara. Ninachokipenda ni kwamba busara ile iliwagharimu. Ilibidi wameze uchungu mbele ya watu na wapoteze wenzao.

Nililolijua ni hili la kwenye historia. Lakini waliokuwa watoto hapa mjini mwaka ule, waliotumwa maji wakati wageni wamejaa kwenye nyumba za Ng'ambo na Isevya, wamebaki wachache, na wengine ni wa ukoo wetu. Sijawahi kukaa nao nikawauliza walichokiona. Bibi alituachia mambo mengi ambayo sasa hatuna wa kumuuliza: alikozaliwa hasa, kwa nini babu aliondoka, jinsi ya kukausha mboga ya nsansa isioze. Ndiyo sababu neno langu la mwaka ujao ni Uliza. Nitamuuliza mganga dawa hii inanywewa kabla ya chakula au baada, badala ya kubeba pakiti na kuondoka. Nitamuuliza mteja anachokitaka kabla sijachukua mkasi. Nitamuuliza binti yangu shule ikoje na nitakaa mpaka ajibu. Nalo litaninyima kitu, maana mtu anayeuliza hawezi kujifanya anajua, na kazini kwetu fundi anayejifanya anajua ndiye anayeonekana hodari.

Basi, siku ya Mwaka Mpya tupo nyumbani Ipuli. Ukuta hauna plasta lakini kivuli kipo, pilau litakuwepo, na matobolwa ya viazi vitamu kwa chai ya asubuhi kwa watakaolala. Mjomba mkubwa ameshakubali kuja, na nimemwambia mapema kwamba nina maswali, aje ameshiba usingizi. Anayeweza kuja na aje. Asiyeweza, anitumie neno lake na sababu yake, nami nitawasomea wengine mezani kabla hatujala.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote.