Samadi ya maji si uchafu wa kumwaga

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu. Inaniuma kuona samadi ya maji, yaani kinyesi na mkojo wa ng'ombe, ikimwagwa malishoni saa sita mchana, jua likiwaka na upepo ukivuma. Ile harufu kali inayochoma pua ni amonia, yaani naitrojeni, chakula cha majani, inayopaa hewani. Kesho yake mfugaji huyohuyo anakwenda kununua mfuko wa urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kufidia alichokipoteza. Namsihi asubiri jioni au siku ya mawingu, aizimue kwa maji na kuimwaga karibu na ardhi, mbali na mto, wala si wakati mvua kubwa inanukia.

Kuna potasiamu pia, kirutubisho kingine kilichomo ndani ya samadi. Majani yanayokatwa kwa ajili ya hei (majani makavu) au saileji (majani yaliyovundikwa) huondoka nayo kwa wingi, basi samadi irudi kwanza kwenye shamba hilo. Ukiirundika kwenye malisho ya kila siku, potasiamu huzuia majani kufyonza magnesiamu, madini ambayo ng'ombe huyahitaji, na ng'ombe aliyezaa karibuni anaweza kuanza kutetemeka, akaanguka na kufa. Udongo upimwe, pamoja na asidi yake, kabla ya mfuko wowote wa mbolea kufunguliwa.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa