Mdogo wangu, si sabuni

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu harusi hupokei simu zangu, kwa hiyo nakuandikia hapa ambapo najua utapita. Ya mchango na ya nani aliketi meza ya mbele tuyaache. Linalonikosesha usingizi ni mgongo wako.

Siku ile kwa fundi wa nguo pale Kondele, ulipovua blauzi ili upimwe, niliuona: vipele vya wekundu wa kiza vimepanda kutoka kiunoni hadi shingoni, na pale vilipokauka vimeacha mabaka ya kahawia yaliyofumana kama wavu wa samaki. Nilikuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ulikuwa umekula chochote tangu juzi. Ukanigeukia mbele ya fundi na shangazi zetu, ukasema nakuonea wivu kwa kuwa kiuno chako kimepungua. Wakacheka. Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, nikaambiwa nina wivu! Neno hilo halijanishuka hadi leo.

Lakini nisikilize. Mwili unaponyimwa wanga kwa muda mrefu, yaani ugali, chapati, wali na viazi, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, yaani kemikali ambazo mwili huzichoma badala ya sukari, na kufunga kula huzizidisha. Kwa watu wachache hali hiyo huandamana na ugonjwa wa ngozi uitwao prurigo pigmentosa, ambao daktari Nagashima wa Japani aliueleza mwaka 1971. Huwapata zaidi wanawake vijana, huwasha mno, na hupenda mgongo, kifua na shingo. Hauambukizi. Wewe ulibadilisha sabuni, ukabadilisha mashuka, ukamfukuza hata yule binti aliyekufulia, naye hakuwa na kosa lolote.

Krimu za steroidi na vidonge vya mzio mara nyingi havifui dafu. Wengi hupata nafuu wanaporudisha wanga katika mlo, na daktari wa ngozi anaweza kuandika antibiotiki kama doksisaiklini au minosaiklini. Usizinunue kiholela dukani, hasa sasa umeolewa, kwa maana dawa hizo hazimfai mwenye mimba. Mabaka yatachukua miezi kufifia, usiyasugue. Upime na sukari pia, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa nacho hupandisha ketoni, na unajua kilichomchukua baba.

Kama nisingeuliza siku ile, nani angeuliza? Wote walikuwa wakisifu kiuno, na aliyeutazama mgongo ni mimi peke yangu. Kwa hiyo sitaomba radhi kwa swali lile, na nikikuona tena umejipinda ukijikuna ukutani nitaliuliza tena, hata mbele ya wakwe zako.

Ukienda kwa daktari, mweleze mlo wote jinsi ulivyo, na zile siku za maji matupu usizifiche, maana asipoambiwa ataishia kukuandikia krimu nyingine. Nauli nitatuma.

Dada yako.