Wanaolala na magari kando ya Ruvuma waje na maji yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzetu wanaoshuka kusini wakati wa kiangazi na magari yenye hema juu ya paa, au Hiace zilizong'olewa viti zikawekwa godoro na jiko, kwa nia ya kulala siku mbili tatu kando ya Mto Ruvuma. Mtwara haina jangwa. Lakini kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba au Desemba, mto hunywea ukaacha fungu pana la mchanga, majani yakakauka, na jua likawa halina huruma. Mchanga ule ndio unaowavuta wageni, na ndio unaowaponza.

Kubwa ni maji. Kule juu uwandani, Newala na Tandahimba, udongo wa kichanga hunyonya mvua yote na maji yako chini sana, ndiyo maana watu wa vijiji vingi wamezoea kuteremka mabondeni na ndoo. Mgeni anayefika Septemba akajaza tenki la lita 100 kwenye bomba la kijiji amechukua madumu matano ambayo kuna mama alikuwa kwenye foleni akiyasubiri. Hata akilipa, pesa haiongezi maji kisimani. Jazeni Mtwara mjini au Masasi kabla ya kuingia barabara za vumbi.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mmoja kwenye joto lile anahitaji lita tano za kunywa kwa siku, na tano nyingine za kupika na kunawa. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 60. Ongezeni dumu moja la akiba, kwa ajili ya rejeta au siku ya nne msiyoipanga, mfike lita 80. Huo ni uzito wa kilo 80, basi madumu yakae sakafuni, karibu na katikati ya gari, yafungwe kamba. Yakiwekwa juu ya paa pamoja na hema, gari huyumba kwenye makorongo na huweza kulala ubavu.

Maji ya mto yawe ya dharura. Yaacheni usiku kucha yatuame, chujeni kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha chemsheni mpaka yatokote sawasawa. Kidonge cha kutibu maji kinafanya kazi, lakini maji yakiwa na tope dawa huishia kwenye tope na vijidudu vinabaki. Na kuyachota kwenyewe kuna hatari: mamba hukaa palepale ukingoni, haonekani, na akiona watu wanafika mahali pamoja kila jioni huwangoja. Funga ndoo kwa kamba, simama juu ya kingo, badilisha mahali. Asiteremke mtu kuoga.

Mahali pa kulala si kwenye fungu la mchanga, hata kama panapendeza namna gani. Ruvuma hutoka milima ya Matogoro huko Songea, na Mto Lugenda wa Msumbiji huingia humo upande wa Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala. Mvua ikinyesha huko mbali, maji huongezeka huku chini bila wingu hata moja juu ya hema lako. Mwishoni mwa Novemba hali hiyo haitoi taarifa. Halafu viboko hutoka usiku kwenda malishoni kwa njia zao zilezile. Ukiona mfereji uliokanyagwa, wenye nyayo za vidole vinne, hapo ni barabara ya mwenyewe. Pandeni juu ya kingo, mita mia mbili au zaidi kutoka majini. Wanaokwenda upande wa pori la akiba la Lukwika-Lumesule wasilale na maembe wala machungwa ndani ya gari, tembo hunusa matunda na hawabishi hodi.

Msipige kambi chini ya mikorosho pia. Ni mashamba ya watu. Kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa, na vumbi lake linawasha macho na kifua. Majani makavu yaliyotandaa chini hushika moto kwa cheche moja, na mkorosho ulioungua ni kipato cha miaka kimekwenda.

Gari likizama mchangani, kosa la kwanza ni kukanyaga mafuta. Tairi linapozunguka bila kushika hujichimbia lenyewe, na gari likishakalia tumbo hakuna injini itakayolitoa. Toeni upepo kabla ya kuingia mchangani, siyo baada ya kukwama: kama mnatembelea psi 35, shusheni hadi 20. Tairi hulala likawa refu chini, uzito ukatawanyika. Mkikwama kabisa mnaweza kufika 16, ila chini ya 15 tairi huweza kutoka kwenye rimu mnapokata kona. Chimbeni mbele ya matairi yote manne kwa chepe mpaka tumbo liwe huru, lazeni mbao au makuti, kisha ondokeni kwa gia nzito taratibu. Jeki iwekwe juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe. Na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni lazima iwemo, kwa sababu kurudi kwenye lami ya Mangaka na upepo wa 20 kunapasha tairi moto hadi linapasuka.

Njia za ndani zina majani marefu makavu. Hujikusanya chini ya gari na kunasa kwenye bomba la moshi, na magari mengine huungua hivyo. Kila baada ya nusu saa simameni mchungulie chini, mng'oe majani, na mpanguse mbegu zilizoziba rejeta. Injini ikichemka mara nyingi sababu ni hiyo.

Friji ya gari hula betri kuliko watu wanavyodhani. Kwenye joto huweza kumaliza ampea-saa 40 kwa siku, na betri ya kawaida ya 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo mna siku moja tu. Tumieni betri ya pili, iliyotenganishwa na ile ya kuwashia, au mpikie dagaa wakavu na muache friji nyumbani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari wala hema, hata likiwa majivu yanayofuka kidogo. Sumu yake haina harufu, na waliolala hawaamki.

Mpaka nao una mambo yake. Karibu na mto simu hushika mtandao wa Msumbiji, salio likaisha bila kujua, na saa ikarudi nyuma kwa saa moja. Chagueni mtandao wa nyumbani kwa mkono. Msivuke kwa mtumbwi hata kwa matembezi ya dakika kumi. Wanaotaka kwenda ng'ambo wapite Daraja la Umoja pale Mtambaswala wagongewe muhuri. Tangu 2017 jimbo la Cabo Delgado, huko ng'ambo Msumbiji, halijatulia, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Basi gari geni linalowasha taa usiku ukingoni linawanyima wanakijiji usingizi, na wana haki. Fikeni ofisi ya mtendaji wa kijiji kabla ya saa kumi jioni, andikeni majina na namba ya gari, ulizeni wapi panaruhusiwa. Wakiwaambia hapana, rudini Masasi mkalale gesti.

Naziomba halmashauri za Nanyumbu, Newala na Tandahimba zitenge sehemu moja moja ya kupiga kambi, juu ya kingo, yenye choo cha shimo na mlinzi kutoka kijiji husika, na ada yake iingie kwenye mfuko wa maji wa kijiji hicho.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara